Simenti ya povu juu ya slabu: kidole kinaacha alama, je itabeba tenki?

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Shikamoo injinia. Nyumba yangu ipo Mbagala, juu nimefunga slabu ya zege sio bati, mchana inakula jua na usiku chumbani ni tanuri. Fundi kanishauri tumwage simenti ya povu sentimita 10 juu ya slabu izuie joto. Tumejaribu matofali mawili kwanza, mchanganyiko uleule, moja limezama katikati lingine limesimama vizuri, ila yote mawili siku ya tatu ukibonyeza kidole gumba kinaacha alama. Fundi anasema dawa ni kuongeza simenti. Mtandaoni nimesoma hii kitu inafika megapaskali 3 mpaka 4. Je itabeba watu wakipanda kuanika nguo, na tenki la lita 2,000?"

Marahaba dada yangu. Umefanya jambo moja la maana sana ambalo wengi hawalifanyi, umejaribu na tofali kabla ya kumwaga dari zima, kwahiyo hata kama kuna kosa limekula ndoo mbili za simenti tu. Nianze na majibu mafupi alafu nieleze: watu kupanda kuanika, sawa, ila sio kukanyaga povu lenyewe, juu yake lazima kuwe na floo. Tenki, inategemea limekaaje, na hapo kuna hesabu ntakuonyesha. Alama ya kidole siku ya tatu wala isikunyime usingizi. Lile tofali lililozama katikati ndo linanitisha mimi, na kwa lile tofali "tuongeze simenti" ya fundi wako sio dawa.

Tuanze na hizo megapaskali 3 mpaka 4 (megapaskali ni kipimo cha nguvu ya kubeba mzigo) maana zimewachanganya wengi. Huko mtandaoni kuna ndugu wawili wanaofanana sura. Mmoja ni tofali la kiwandani lile jeupe jepesi, lilianzia Sweden miaka ya 1920, msanifu majengo anaitwa Axel Eriksson. Lile wanachanganya simenti, chokaa, mchanga uliosagwa unga na unga kidogo wa aluminiamu, aluminiamu ikikutana na chokaa inatoa gesi, mchanganyiko unaumuka kama unga uliotiwa hamira, alafu linaingizwa kwenye tanuri la mvuke wa presha kubwa, nyuzi 180 mpaka 190 hivi, masaa mengi. Ule mvuke unabadilisha kabisa kinachozaliwa ndani ya kuta za viputo, ndo maana tofali la kilo 500 kwa mita ya ujazo linaweza kufika megapaskali 3. Ndugu wa pili ndo wako: simenti na maji, povu linatengenezwa pembeni kwa mashine, vinachanganywa, vinamwagwa, basi. Hakuna tanuri. Kwa uzito uleule wa kilo 500 huyu wa pili ukimfanya vizuri anakupa kama megapaskali 1, ukimfanya vibaya nusu ya hapo. Sio kwamba ni feki, ni kitu kingine.

Viwango vya kawaida vya hii ya kumwaga viko hivi, na hapa nazungumzia uzito ikiwa imekauka na nguvu ya siku 28 baada ya kumwaga. Kilo 400 kwa mita ya ujazo inabeba nusu mpaka megapaskali 1. Kilo 800 ni kama moja na nusu mpaka 2. Kilo 1,200 inafika nne na nusu, tano. Kilo 1,600 ni 8, 9 hivi. Zege la kawaida la nyumba lina kilo 2,400 na linabeba 20, 25 na kupanda. Sasa angalia vizuri hizo namba: toka 1,600 kwenda 800 uzito umepungua nusu, nguvu haijapungua nusu, imebaki kama moja ya tano. Na upande wa joto ndo kinyume chake, kilo 400 inapitisha joto kama 0.10 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, zege la kawaida ni kama 1.5, yaani sentimita 10 za povu zinazuia joto sawa na zege la mita moja na nusu. Huwezi kuvipata vyote, kila kiputo unachoongeza kinakupa ubaridi na kinakunyang'anya nguvu, na kinanyang'anya kuliko kinavyotoa.

Kwanini nguvu inaporomoka hivyo? Kata lile tofali zuri kwa msumeno uangalie ndani. Utaona vitundu vidogo vidogo, na kati ya kitundu na kitundu kuna ukuta. Kwenye povu jepesi kabisa ule ukuta mahali pengine ni mwembamba kiasi kwamba ni punje chache tu za simenti zimeshikana mikono. Mzigo ukija haugawanyiki sawasawa kwenye zile kuta, zinapinda, na simenti kupinda haipendi hata kidogo, inakatika. Ukishavunjika ukuta mmoja mzigo wake unahamia kwa jirani. Kwahiyo nguvu ya tofali zima inaamuliwa na pale palipo pabovu, kiputo kikubwa kimoja kama harage katikati ya vidogo kina madhara kuliko vidogo mia. Ndo maana matofali mawili yenye uzito sawa kabisa kwenye mizani yanaweza kupishana nguvu mara mbili.

Haya, kidole chako. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, ile ya bafuni, ibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu ileile uliyobonyeza tofali. Utapata kama kilo 10. Ncha ya kidole inayogusa ni kama sentimita 2 za mraba. Kilo 10 gawa kwa 2 ni kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, na hiyo ndo nusu megapaskali, maana megapaskali 1 ni karibu kilo 10 kwa sentimita ya mraba. Umeona? Kidole chako ni mashine ya maabara ya bure. Siku ya tatu povu la kilo 400 halijafika nusu megapaskali, tena ngozi ya juu ndo dhaifu zaidi kwasababu viputo vya juu vimepasuka na maji yamekimbia na jua. Rudi kabonyeze siku ya 28, na sio ngozi ya juu, kata alafu bonyeza ndani. Ikiwa bado inaingia kama ugali basi hapo tuna kesi.

Kwa hesabu hiyohiyo mtu anayetembea: kilo 70, kuna sekunde anakanyagia kisigino kimoja tu, kisigino kinagusa kama sentimita 30 za mraba, inakuja kilo mbili na kitu kwa sentimita. Iko chini ya tano, lakini haiko chini sana, na mguu wa ngazi au gurudumu la toroli la fundi mwenyewe ndo linaharibu kabisa. Viatu vya kisigino chembamba sitaki hata kuvizungumzia. Kwahiyo juu ya povu unaweka floo ya mchanga na simenti sentimita 4 au 5 yenye wavu wa waya ndani, ile kazi yake ni kuusambaza mzigo, kisigino cha sentimita 30 kikifika chini kwenye povu kimeshakuwa eneo kubwa zaidi na povu halisikii kitu.

Alafu tenki, hapa watu huogopa kitu kisicho na hatari wakaacha chenye hatari. Lita 2,000 ni tani mbili. Tenki la plastiki lenye kitako bapa, kipenyo tuseme mita 1.2, linakaa juu ya zaidi kidogo ya mita moja ya mraba, yaani chini ya robo kilo kwa sentimita ya mraba. Povu linacheka tu. Sasa chukua tenki hilohilo ulipandishe kwenye stendi ya chuma ya miguu minne, kila mguu una sahani ya sentimita 10 kwa 10, tayari ni kilo 5 kwa sentimita, nusu megapaskali, umefika ukingoni. Na kama mchomeleaji hakuweka sahani, mguu ni engo ya chuma tupu imesimama wima, ile inagusa labda sentimita 5 za mraba, hapo ni kilo 100 kwa sentimita. Itazama kama kisu kwenye boga, na haizami siku hiyohiyo, inazama kidogo kidogo mguu mmoja kuliko mingine mpaka siku tenki linainama. Kwahiyo shida sio tenki, ni miguu.

Kuna uwanja wa ndege wa JFK kule New York ambapo hii tabia ya kuzama ndo wanayoinunua. Mwisho wa njia ya kurukia wameweka kitanda cha matofali ya simenti yenye mapovu, toka mwaka 1996, ndege ikishindwa kusimama inaingia mle, magurudumu yanaponda simenti na yale maponde yanakula mwendo wa ndege taratibu mpaka inasimama. Mwaka 2005 lilisimamishwa hivyo Boeing 747 la mizigo. Nakuambia haya sio kwa kupiga stori tu, ni uone jinsi povu la simenti linavyokufa: zege la kawaida ukilizidishia linapasuka kwa kishindo, povu linapondeka tabaka kwa tabaka, linaendelea kubeba huku linazama. Kwenye kiwanja cha ndege hiyo ni sifa. Juu ya dari lako maana yake hutasikia mlio wowote wa kukuonya.

Sasa tofali lililozama. Hapa ndo penyewe.

Povu ni kitu kinachokufa toka dakika kimezaliwa. Maji yaliyo kwenye kuta za viputo yanashuka chini kwa uzito wake, juu kunabaki kuta nyembamba zinapasuka. Alafu kiputo kidogo kina presha kubwa ndani kuliko kiputo kikubwa, kwahiyo hewa inapenya taratibu toka kidogo kwenda kikubwa, wadogo wanaisha wakubwa wananenepa (kama maisha tu). Upande mwingine simenti nayo inakaza, lakini inahitaji masaa. Ni mashindano: simenti ikikaza kabla povu halijachoka, umeshinda, vile viputo vidogo vimegandishwa palepale vilipo. Povu likichoka kwanza, viputo vinaungana, vinapanda, katikati kunashuka. Aliyewahi kuacha unga wa vitumbua ukaumuka ukapitiliza anajua ninachosema, unaukuta umeshuka na pembeni umeacha alama ulipofika.

Kwanini moja lishuke na lingine lisimame wakati ni mchanganyiko mmoja? Mara nyingi lililoshuka ndo lililomwagwa mwisho, povu lilikaa kwenye ndoo likisubiri, au lilimwagwa toka juu likapigwa kama uji, au formu yake (kasha la kumwagia) ilikuwa ya mbao kavu ikanyonya maji. Na swali la msingi, fundi wako anatumia povu gani? Kuna wanaotumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na drili yenye mwiko. Linatoka povu zuri la kupendeza macho, lakini sabuni ile imetengenezwa itoe uchafu kwenye sahani, haikutengenezwa ikae masaa manne kwenye uji wa simenti uliojaa kalsiamu. Simenti yenyewe ni sumu kwa sabuni nyingi, inazigandisha kama maji ya kisima yenye chumvi yanavyokataa kutoa povu ukifua. Kemikali za kazi hii zipo za aina mbili, za protini, ambazo nyingine zinatokana na kwato na pembe za ng'ombe, zinanuka lakini viputo vyake vina ngozi ngumu, na za viwandani zisizo na harufu, nyepesi na rahisi, zingine nzuri zingine hovyo. Kwa povu la kilo 400, 500, kama unaipata ya protini chukua hiyo. Na itengenezwe na mashine ya presha ya hewa, sio drili, kwasababu mashine inatoa viputo vidogo vinavyolingana na drili inatoa kila saizi.

Kwahiyo fundi akisema tuongeze simenti, kwenye hii kitu maana yake nini hasa? Hakuna mchanga, hakuna kokoto. Kitu kigumu pekee mle ndani ni simenti yenyewe. Ukiongeza simenti bila kuongeza povu umeongeza uzito tu, umetoka kilo 400 umeenda 500 au 600, ndiyo nguvu imepanda, lakini ungeweza kusema kwa uaminifu "tupunguze povu" maana ni kitu kimoja, na joto nalo linaanza kupita. Na tofali litazama vilevile kama povu ni bovu. Tena wengine wakisikia "ongeza nguvu" wanatia mchanga. Kwenye uzito huu usikubali, punje ya mchanga wa kawaida ni nene kuliko ukuta wa kiputo, haina pa kukaa, inatoboa na kuzama chini.

Kinachopandisha nguvu bila kupandisha uzito ni vitu vingine. Maji kwanza. Maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ndani ya ukuta wenyewe, kwahiyo una ukuta mwembamba alafu nao umeliwa na mchwa. Powers, Mmarekani aliyeichambua simenti miaka ile ya 1940, alionyesha nguvu inakwenda na jinsi ile gundi ya simenti ilivyojaza nafasi yake, na haiendi kwa mstari ulionyooka, inakwenda kwa kyubu, yaani ule ujazo ukipungua nusu nguvu inabaki moja ya nane. Lakini usibane maji kupita kiasi pia, hili ndo kosa la mafundi wazuri waliozoea zege: uji ukiwa mkavu unanyonya maji kwenye kuta za povu na mapovu yanapasuka palepale ndani ya mixa, ujazo unapungua unaona kwa macho. Nusu kilo ya maji kwa kilo moja ya simenti ni pa kuanzia, uji uwe kama uji wa lishe, sio kama ugali wala sio kama chai. Pili tumia simenti ya 42.5 sio ya 32.5 (ile namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko), kwasababu ya 32.5 nyingi zimechanganywa na zinakaza taratibu, na nimeshasema hapa tunakimbizana na muda. Tatu nyuzinyuzi za plastiki zile fupi, haziongezi sana nguvu ya kubeba lakini zinashika nyufa. Na usimruhusu mtu akuwekee dawa ya kukazisha haraka yenye kloraidi, itashuka kwenye nondo za slabu yako izitie kutu.

Mimi mwenyewe niliwahi kudharau povu. Ilikuwa kazi ya ghorofa moja, nikiwa kijana, tulimwaga kina cha karibu mita kujaza nafasi chini ya ngazi, siku moja, mara moja, tukaenda kula. Tuliporudi jioni ilikuwa imeshuka kiganja kizima na katikati ya moto kiasi huwezi kuweka mkono. Nilikuwa nimesahau vitu viwili: uzito wa yale ya juu unayaponda mapovu ya chini kabla hayajakaza, na hii kitu inazuia joto, ikiwa ni pamoja na joto la simenti yenyewe inapokaza, halina pa kutokea, hewa inatanuka, mapovu yanapasuka. Toka siku hiyo simwagi zaidi ya sentimita 50 kwa mara moja. Wewe una sentimita 10, hilo halikuhusu, ila asije akakushawishi mtu ujaze na shimo la choo la zamani.

Twende kwenye kupima, na hapa hauhitaji maabara, unahitaji mizani ya duka na ndoo ya lita 20. Mimi kwa dari lako ningechagua kilo 500, sio 400. Joto utapoteza kidogo sana, nguvu utapata na akiba ya makosa, na makosa yatakuwepo. Mfuko mmoja wa kilo 50, maji lita 25, koroga mpaka hakuna mabonge. Povu pembeni lita 80, yaani ndoo nne. Kabla ya kulitia pima ndoo moja ya povu tupu, iwe karibu kilo moja bila uzito wa ndoo. Ikiwa kilo 2 hilo ni maji ya sabuni sio povu. Changanya taratibu mpaka usione michirizi myeupe, basi, usiendelee kuzungusha. Hapo mfuko mmoja umekuzalishia kama lita 120, inamwaga mita moja na kidogo ya mraba kwa sentimita 10. Sasa jaza ndoo ya lita 20 ya ule mchanganyiko uipime: bila ndoo iwe kilo 13 na kidogo. Kilo 11, povu limezidi, nguvu hamna. Kilo 16, povu limekufa kwenye mixa au fundi kapunja. Pima kila mchanganyiko, sio wa kwanza tu. Pima tena ndoo ileile baada ya kusafirishwa juu, kama kupanda ngazi kumeongeza uzito ujue mapovu yanafia njiani.

Na kipimo cha pili, fanya tofali refu kidogo, urefu wa sentimita 30 limesimama wima. Baada ya wiki lipasue kwa msumeno vipande vitatu sawa, cha juu, cha kati, cha chini, pima kila kimoja. Vikikaribiana safi. Cha chini kikiwa kizito wazi wazi kuliko cha juu basi maji yameshuka na simenti imeyafuata, povu lako halikai, na hakuna simenti itakayoponya hilo, badilisha kemikali au mashine. Ukitaka namba rasmi ya nguvu peleka sampuli maabara ya vifaa vya ujenzi, ila waambie mapema ni povu jepesi, waikandamize taratibu, maana mashine yao imezoea vipande vya mchemraba vya zege na ikikimbilia tani nyingi hutapata kitu cha kusoma.

Kuitunza: usiimwagilie maji kama slabu. Ifunike nailoni saa ileile inapoanza kukaza, siku 7, uzuie jua na upepo, zile kuta nyembamba zikikauka mapema simenti inaacha kukomaa na hiyo nguvu hairudi tena. Mwaga asubuhi sana au jioni. Alafu tegemea kusinyaa, hii kitu inasinyaa sana, kwa uzito wa 400 inaweza kufika milimita 3 kwa kila mita, mara nyingi zaidi ya zege. Kwahiyo igawe vipande vya mita 3 kwa 3 hivi, iache mstari kati yake, isijichagulie yenyewe pa kupasuka. Nyufa nyembamba kwenye povu chini ya floo sio msiba.

Maji ya mvua ndo msiba. Hewa iliyotulia inapitisha joto kama 0.026, maji 0.6, yaani kiputo kikijaa maji kimeacha kabisa kazi uliyokilipia, na juu yake umejiongezea uzito. Kwahiyo floo iwe na mteremko, na juu ya floo dawa ya kuzuia maji au bitumini ya karatasi, ipande mpaka kwenye ukuta mdogo wa pembeni. Ukimaliza ipake rangi nyeupe, na kwa kweli kama hela ni ndogo mwaka huu anza na rangi nyeupe peke yake kwenye slabu uone, inarudisha jua kabla halijaingia na ni sehemu ndogo ya gharama ya povu. Wengi wanaouza povu hawatakuambia hilo.

Uzito wote juu ya slabu, povu kavu kilo 50 kwa mita ya mraba na floo ya sentimita 4 kama 80 na kitu, inakuja kilo 130 au zaidi kidogo. Sio nyingi, lakini slabu yako ilichorwa kubeba nini sijui, muonyeshe aliyekuchorea nondo kabla hujaanza. Na hapohapo muulize nguzo au ukuta wa chini uko wapi, kwasababu tenki nataka likae juu ya mhimili, sio katikati ya slabu. Pale mtakapokubaliana mjenge vikuta viwili vya zege la kawaida moja kwa moja juu ya slabu, virefu kupita povu na floo, kabla ya kumwaga, alafu povu lije lizunguke pembeni yake. Joto kidogo litapita hapo, liache lipite. Dawa ya kuzuia maji ipandishwe kwenye vikuta pande zote, maana bomba la tenki litavuja siku moja na hutaki livujie ndani ya povu.

Kwa sasa rudia matofali, fundi akuambie kabisa jina la kemikali anayotumia, na uniandikie uzito wa ndoo na wa vile vipande vitatu.